Mama Atashukaje Melini? Kuchagua Matembezi ya Nchi Kavu kwa Mwenye Shida ya Kutembea

Swali linalonirudia kila msimu wa safari za meli za utalii ni hili: tumemlipia mama safari, magoti hayamruhusu kupanda ngazi, sasa meli ikifika bandarini tumchagulie matembezi gani? Anayeuliza aghalabu ni mtoto anayefanya kazi Muscat, Dubai, London au Toronto, aliyejinyima ili wazazi nao waione dunia. Wengine huuliza kwa ajili ya nafsi zao: aliyepata kiharusi na mkono mmoja haushiki sawasawa, anayetembea kwa magongo tangu utotoni, aliyebadilishwa nyonga mwaka jana.

Jibu langu huwa lile lile. Usianze kwa kuchagua mji. Anza kwa kutafuta mahali pagumu kuliko pote katika siku hiyo. Kila matembezi yana mahali hapo: hatua ya kutoka melini kuingia kwenye boti, ngazi ya kwanza ya basi, mwinuko wa mawe mbele ya lango la ngome. Msafiri akipaweza hapo, yaliyobaki yanapangika. Asipopaweza, mji uwe mzuri namna gani, yeye ataishia kuutazama dirishani.

Mpime msafiri kwanza

Usimuulize mama, "Utaweza?" Atasema ataweza. Wazazi wetu wengi hawapendi kuonekana mzigo, na mama aliyelea watoto sita hatakiri mbele ya mkwewe kwamba ngazi kumi zinamshinda. Tembea naye tu. Nenda naye sokoni, hospitali, msikitini au kanisani, na uangalie haya:

- Anatembea muda gani kabla ya kutafuta pa kukaa?
- Anaweza kusimama kwenye foleni robo saa?
- Anapanda ngazi ngapi akiwa na pa kushika? Na kushuka je? Wenye maumivu ya magoti wengi huumia zaidi wakishuka.
- Anaweza kunyanyua mguu hadi ngazi ya kwanza ya basi kubwa, ambayo iko juu kuliko ngazi ya nyumba?
- Akikaa chini kwenye mkeka, huinuka mwenyewe?
- Huhitaji choo kila baada ya muda gani, na je, choo cha kuchuchumaa anakiweza?

Majibu yako yatamweka katika moja ya hali tatu. Kuna anayetembea polepole na kuchoka upesi. Kuna anayehitaji kiti cha magurudumu kwa masafa marefu lakini anaweza kusimama na kupiga hatua chache. Na kuna asiyeweza kusimama kabisa. Kampuni za meli huwatendea watu hawa watatu kwa namna tofauti sana, kwa hiyo ukipiga simu taja hali moja waziwazi. Maneno kama "ana shida kidogo ya miguu" hayamsaidii yeyote aliye upande wa pili wa simu.

Gati au nanga?

Hili ndilo swali la kwanza la kuuliza kuhusu kila bandari iliyo kwenye ratiba. Meli ikifunga gati, abiria hushuka kwa daraja lenye vishikio, na kiti cha magurudumu husukumwa hadi nchi kavu. Ikitia nanga nje, abiria hushushwa kwa boti ndogo, na hapo ndipo matembezi mengi ya wenye shida ya kutembea huishia kabla hayajaanza.

Ijue hali yenyewe ilivyo. Unateremka hadi sitaha ya chini, karibu na usawa wa maji, ambako mlango wa ubavuni umefunguliwa. Boti imefungwa kamba lakini haitulii: inapanda, inashuka, inaachana na meli kidogo, inarudi. Baharia mmoja amekushika kiwiko upande wa meli, mwenzake amenyoosha mikono kutoka botini. Wanasubiri boti ilingane na mlango, halafu wanakwambia: sasa! Ni hatua moja tu, lakini unatakiwa kuipiga wewe mwenyewe, na muda wa kuipiga wanaupanga wao.

Kampuni nyingi hazimbebi abiria kwenye hatua hiyo, na haziruhusu skuta wala kiti kizito cha umeme kuingia botini. Kiti cha kukunja mara nyingi hukubaliwa ikiwa mwenyewe anaweza kusimama na kuvuka. Meli chache zina mitambo ya kuingizia kiti botini. Ukiuliza, taja jina la meli, kwa sababu meli mbili za kampuni moja huweza kutofautiana. Na hata ukiahidiwa, neno la mwisho siku hiyo ni la nahodha na maofisa wake baada ya kuitazama bahari.

Bandari zinazojulikana kwa boti ni George Town katika Grand Cayman, Belize City, Cabo San Lucas, na Santorini huko Ugiriki. Santorini nieleze zaidi, kwa sababu kila mtu anaitaka kwa ajili ya zile picha za nyumba nyeupe. Boti huwashusha watu chini ya jabali, kwenye bandari ya kale. Kutoka hapo kwenda mji wa Fira ulioko juu kuna njia tatu: ngazi zinazokaribia 600, mgongo wa punda, au kigari kinachoning'inia kwenye waya. Foleni ya kigari hicho, meli zikiwa nyingi, huwa ndefu na haina pa kukaa. Matembezi ya basi yanayouzwa na meli mara nyingi hupitia bandari nyingine, Athinios, ambako basi hungoja karibu. Hiyo ni nafuu kubwa, ingawa hatua ya kuingia botini iko pale pale. Kwa asiyeweza kusimama, ushauri wangu ni huu: Santorini aione kutoka sitahani. Mandhari ya jabali lile kutoka majini ni ya kweli, na si kila bandari inayompa mtu kitu cha kutazama bila kushuka.

Tahadhari mbili zaidi. Kwanza, gatini pia kuna kupwa na kujaa. Ninyi wa Mombasa, Tanga na Unguja mnalijua bamvua. Huko kwetu maji hupishana kwa zaidi ya mita 3, na Juneau, Alaska, tofauti huweza kupita mita 6. Daraja lililokuwa karibu tambarare asubuhi linaweza kuwa mwinuko mkali alasiri. Uliza saa ambayo daraja litakuwa na mteremko mdogo, ushuke na kurudi kwa hesabu hiyo. Katika Mediterania maji hayapishani sana, kwa hiyo huko shida hii ni ndogo. Pili, bandari iliyoandikwa kuwa ni ya gati inaweza kugeuka ya boti kama gati zimejaa. Uliza tena usiku wa kuamkia siku ya kufika.

Usiliamini neno "rahisi"

Orodha ya matembezi ina alama: rahisi, wastani, magumu. "Rahisi" hapo imepimwa kwa mtu mwenye miguu mizima ambaye hataki kutoka jasho. Saa mbili za kutembea juu ya mawe ya kale bila pa kukaa huitwa rahisi. Hata alama ya kiti cha magurudumu haitoshi, maana mara nyingine maana yake ni kwamba kiti kitakunjwa na kuwekwa chini ya basi, wewe upande ngazi za basi kwa miguu yako.

Nenda kwenye dawati la matembezi, au waandikie kabla ya safari, na maswali yenye majibu ya kuhesabika:

- Basi lina lifti au sakafu ya chini? Kama halina, lina ngazi ngapi?
- Kutoka linapoegeshwa basi hadi mlangoni ni mita ngapi, na njia inapanda?
- Chini kuna nini: lami, mawe yaliyopangwa, mchanga, changarawe, udongo?
- Kuna ngazi ngapi tangu mwanzo hadi mwisho? Zina pa kushika?
- Tutasimama vituo vingapi, na anayetaka anaweza kubaki ndani ya basi likiwa na kiyoyozi?
- Choo kiko wapi, na mlango wake unaingiza kiti cha magurudumu?
- Kiongozi ana watu wangapi? Akiwa na 40, hatamngoja mmoja.

Ukijibiwa "usijali, watu wengi wa umri wake huenda," hujajibiwa. Rudia swali, kwa heshima, mpaka upewe idadi.

Jina la mji siyo mahali pa bandari

Ratiba inaposema Roma, meli inafika Civitavecchia, na kutoka hapo hadi Roma ni kiasi cha kilomita 70 hadi 80, saa moja na nusu ndani ya basi kila upande kama njia ni nyeupe. "Florence" maana yake ni Livorno, nako ni kama saa moja na nusu. "Paris" ni Le Havre, karibu kilomita 200. Kwa mtu ambaye miguu huvimba akikaa muda mrefu, au anayehitaji choo kila saa, safari ya Paris ya siku moja ni adhabu. Le Havre yenyewe ina ufuo na barabara pana zilizojengwa upya baada ya Vita Kuu ya Pili, na kitovu cha mji wake kimo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2005. Watu wanaipita kwa sababu haina mnara wa Eiffel. Mzee aliyekaa pale saa tatu akinywa kahawa na kutazama bahari atarudi na furaha zaidi kuliko aliyefikishwa Paris, akapewa dakika arobaini, kisha akarudishwa basini.

Bandari kwa bandari: panapofaa na pasipofaa

Mediterania

Barcelona ndiyo ningeianza. Mabasi ya mji yana njia ya kuingizia kiti, barabara nyingi ni tambarare, na ukumbi wa kanisa la Sagrada Família unaingilika kwa kiti cha magurudumu. Minara yake haiingiliki. Mji huo uliandaa Michezo ya Paralimpiki mwaka 1992.

Athens watu huiogopa kwa sababu ya kile kilima. Tangu mwisho wa 2020 Acropolis ina lifti mpya kwa wenye ulemavu na wenye shida ya kutembea, na njia za saruji juu kileleni. Kundi la basi la kawaida halipiti huko, kwa hiyo ni lazima useme mapema na uhakikishe asubuhi hiyo kwamba lifti inafanya kazi. Isipofanya, chini yake kuna Jumba la Makumbusho la Acropolis, lenye lifti, sakafu laini, na dirisha kubwa linalotazama mwamba wenyewe.

Pompeii, karibu na Naples, ni mahali ambapo kuingia lango lisilo lako huharibu siku nzima. Kuna njia maalumu ya zaidi ya kilomita 3 iliyosawazishwa na kufunguliwa 2016, na inaanzia upande wa Piazza Anfiteatro. Matembezi mengi ya kawaida huingilia Porta Marina, ambako ni mwinuko mkali wa mawe. Dereva na kiongozi waambiwe jina la lango kabla basi halijaondoka bandarini.

Dubrovnik: kutembea juu ya kuta za mji, hapana, ngazi ni mamia. Barabara kuu ya ndani, Stradun, ni tambarare na inatosha. Venice madaraja yake yana ngazi, lakini boti za abiria za mji huingiza kiti cha magurudumu, na kuuona mji kutoka majini ndiyo njia yake hasa.

Ghuba

Msimu wake ni miezi ya baridi, na kwa Waswahili walioko Oman na Imarati hizi ndizo safari za karibu. Abu Dhabi, Msikiti wa Sheikh Zayed una viti vya magurudumu na vigari vya umeme kwa wageni, na sakafu ni tambarare; umbali wa ndani ni mrefu, kwa hiyo kiti chukua hata kama mama anasema hakihitaji. Muscat, meli hufunga gati Mutrah, na barabara ya ufukweni pale inapitika bila ngazi. Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa 2001, una ua mpana wa marumaru usio na kivuli, basi nenda asubuhi mapema. Viatu vinavuliwa kabla ya kuingia ukumbi wa swala: anayevaa kiatu maalumu au chuma cha mguu aulize kwanza atafanyaje, na awe na soksi zisizoteleza.

Ya kukwepa ni mawili. Kurukaruka na gari kwenye matuta ya mchanga Dubai hakumfai mwenye mgongo, nyonga mpya wala mifupa dhaifu, hata kama anakaa tu. Na jahazi la kutazama pomboo huko Khasab, Oman, zuri kama lilivyo, wageni hukalishwa sakafuni juu ya mazulia na mito. Asiyeweza kuinuka kutoka chini ataona pomboo saa ya kwanza, na maumivu saa zilizobaki. Ukitaka kumpeleka, uliza kama wataweka viti.

Pwani yetu

Meli hizi hufika Mombasa na Unguja pia, na wako wanaorudi nyumbani kama watalii pamoja na wazee wao. Unguja, Mji Mkongwe una vichochoro vyembamba na vizingiti virefu. Forodhani ni wazi na tambarare, na Ngome Kongwe iko hapo hapo. Boti za kwenda kisiwa cha Changuu kwa kawaida hupandwa ufukweni, mguu majini. Mashamba ya viungo yana njia za udongo ambazo mvua ikinyesha hunasa magurudumu. Mombasa, lango la Fort Jesus lina mwinuko lakini ua wa ndani unatosha kwa asiyetaka kupanda kutani. Kwenda Tsavo na kurudi siku hiyo hiyo ni saa nyingi za mtikisiko, nami sikushauri kwa mwenye mgongo mbovu.

Alaska na Karibiani

Skagway, treni ya White Pass ina mabehewa yenye lifti ya kiti. Mtu anakaa, milima inampitia. Katika Karibiani, visiwa binafsi vya kampuni za meli, kama CocoCay na Castaway Cay, vina gati, na kuna viti vya magurudumu mapana vya mchangani. Nyambizi za kitalii ziangalie sana: kuingia ni kwa ngazi iliyosimama wima.

Basi la meli au gari lenu?

Msomaji atauliza: kwa nini tusikodi gari letu? Kwa familia ya watu wanne au zaidi, mimi naona gari lenye dereva ndilo chaguo bora mara nyingi. Bei yake huikaribia ile ya tiketi nne za basi, mama anapanda kwa nafasi yake, mnasimama kila anapotaka, na akichoka mnarudi. Lakini lijue hili: basi la meli likichelewa, meli hulisubiri au kampuni huwafikisha abiria bandari inayofuata. Gari lenu likichelewa, meli inaondoka. Kwa hiyo:

- Andikiana na dereva bei, saa na vituo kabla ya kufika. Mtumie picha na vipimo vya kiti kikiwa kimekunjwa.
- Rudini gatini saa mbili kabla ya meli kuondoka.
- Fuateni saa ya meli, ambayo huweza kutofautiana na ya mji.
- Kwa bandari iliyo mbali na mji, kama Civitavecchia, chukueni matembezi ya meli yenye basi la lifti.
- Bandari ya boti, msilipe gari lisilorudisha fedha. Bahari ikichafuka hamtashuka.

Kiti cha magurudumu ambacho "hakihitajiki"

Viti vya meli kwa kawaida ni vya kupandia na kushukia, au vya dharura; haviruhusiwi kwenda mjini. Nendeni na chenu, chepesi, cha kukunja. Kama ni kukodi, kodini mapema kwa kampuni inayokifikisha hadi melini. Mzee akikataa, mwambie ni cha kubebea mikoba na maji, akichoka atakaa. Ni kweli, na heshima yake inabaki. Asukumaye awe mtu mzima mwenye nguvu, siyo mjukuu wa miaka kumi na miwili kwenye mteremko wa mawe.

Haki zenu kwa ufupi

Safari ikianzia bandari ya Umoja wa Ulaya, kanuni namba 1177/2010, inayotumika tangu Desemba 2012, inampa mwenye ulemavu haki ya kusaidiwa bandarini na katika kupanda na kushuka meli bila malipo, akitoa taarifa angalau saa 48 kabla. Marekani, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2005 kwamba sheria ya haki za wenye ulemavu inazigusa hata meli za bendera za kigeni zinapokuwa katika maji ya nchi hiyo. Haki hizi hazisawazishi mawe ya Pompeii wala hazitulizi boti ya Santorini, ila ukinyimwa msaada wa kawaida gatini, zitaje kwa namba na kwa upole.

Makosa ninayoyaona zaidi

- Kujaza kila bandari. Bandari saba, matembezi manne. Siku nyingine apumzike.
- Kugawanya familia vibaya: vijana wote wakaenda, mzee akaachwa peke yake melini. Pangeni zamu.
- Kusahau dawa kabatini. Ziwe kwenye mkoba wa mkononi, za siku mbili.
- Kusubiri kufika melini ndipo kueleza hali ya msafiri.

Hilo la mwisho ndilo linaloumiza kuliko yote, kwa kuwa linazuilika. Fomu ya mahitaji maalumu ijazwe siku mnapolipa malipo ya awali, na dawati la matembezi liandikiwe wiki hiyo hiyo. Basi lenye lifti lina nafasi chache tu za viti vya magurudumu, na hupewa walioandika kwanza. Kama tiketi ya mama tayari iko mkononi na fomu hiyo bado, ijaze leo.